Jinsi ya kuchagua pikapu ya dizeli iliyotumika ukiwa na bajeti ndogo: mwongozo kwa mnunuzi wa Nakuru na magharibi

Wengi wanaotafuta pikapu hapa Nakuru tayari wana mzigo unaoisubiri: viazi vya Mau Narok, maziwa ya Olenguruone, mboga za Bahati, saruji ya mjengo kule Kiamunyi. Gari likilala gereji wiki nzima, mzigo unaoza na mteja anatafuta mtu mwingine. Kwa hiyo mimi huanza na swali moja kabla sijauliza bei: pikapu hii ikizima saa nane mchana pale Molo, nani ataitengeneza, na spea itatoka wapi kabla jua halijatua? Gari ambalo swali hilo lina jibu ndilo la kutafuta, hata kama rangi yake imefifia na kiti kimechanika.

1. Gawa pesa kabla ya kuona gari lolote

Tuseme una laki nane. Tafuta gari la laki sita na nusu. Kinachobaki si akiba ya kuongeza bei dalali akikubana. Ni pesa za oili zote, filta, mkanda wa injini, betri, pengine tairi mbili, bima na ada ya kuhamisha umiliki. Hakuna pikapu ya bei hiyo inayokuja bila deni la matengenezo. Anayemaliza pesa zote siku ya kununua hulazimika kubeba mizigo na gari ambalo halijafanyiwa sevisi, na hapo ndipo injini nyingi hufia.

Dalali asijue kiasi ulicho nacho. Mwambie bei unayotafuta, basi.

Uliza pia bima mapema. Pikapu husajiliwa kama gari la biashara, na bima ya kubeba mali yako mwenyewe ni tofauti na ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo. Ukichukua ile ya kwanza kisha ukawa unakodisha gari sokoni, siku ya ajali kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa.

2. Chagua injini, halafu ndiyo uchague gari

Wanunuzi wengi huanza na jina: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Nissan Hardbody. Anza na injini. Kwa pesa ndogo utakutana na makundi mawili.

Kundi la kwanza ni injini za zamani zenye pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Kwa Toyota ni 2L ya lita 2.4, 3L ya lita 2.8 na 5L ya lita 3.0. Kwa Isuzu ni 4JA1 ya lita 2.5, ile ya TFR, pikapu ya zamani ya Isuzu. Kwa Nissan ni TD27 na QD32. Hizi ni za polepole, zina kelele, na nyingi hazina turbo, ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi, lakini fundi wa jua kali anazifungua bila mashine yoyote ya kusomea, na nozo zake, zile za kunyunyizia dizeli kwenye silinda, hutengenezwa hapa hapa mjini. Adui yake mkubwa ni joto. 2L hasa, ikikosa maji hata mara moja kwenye mlima, silinda hedi hupasuka. Kumbuka pia kwamba injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda. Nakuru yenyewe iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na ukielekea Timboroa unapita mita 2,700. Hewa ni nyepesi, dizeli haiungui yote, na moshi mweusi kidogo ukiwa na mzigo mlimani si ugonjwa.

Kundi la pili ni komoni reli, injini zinazoongozwa na kompyuta na kusukuma dizeli kwa presha kubwa mno. Humo wamo Toyota 2KD ya lita 2.5 na 1KD ya lita 3.0, Isuzu 4JK1 ya lita 2.5 na 4JJ1 ya lita 3.0, Nissan YD25, Mitsubishi 4D56 za miaka ya karibuni, na Ford za lita 2.2 na 3.2. Zina nguvu na hula mafuta kidogo. Lakini nozo moja ikifa bei yake inaweza kumla mkulima faida ya msimu, na zipo nne, isipokuwa ile Ford ya 3.2 yenye tano.

Kinachoziua ni mafuta machafu. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mafuta taa hayalainishi pampu inavyotakiwa, na vyuma hukwaruzana. Gari la komoni reli ambalo mwenyewe alikuwa akinunua dizeli ya mitungi kando ya barabara liache, hata likiwaka vizuri.

Kila injini ina kasoro yake inayojulikana, na ni vizuri kwenda ukiwa unazijua. 2L, 3L, 5L, 2KD, 1KD na 4D56 hutumia mkanda wa taiming. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Kama muuzaji hana ushahidi wa lini ulibadilishwa, hesabu bei ya mkanda mpya na rola zake ndani ya bei ya gari. 4JK1 na 4JJ1 hutumia cheni. YD25 pia ni cheni, lakini cheni hiyo huchakaa, hivyo ikipiga kelele ya kukwaruza mbele ya injini usibishane, ondoka. 1KD huweza kuvuja kwenye siti za nozo, masizi yakaingia kwenye oili na kuziba chujio la chini. Isuzu hizo mbili zikianza kupandisha na kushusha mlio zenyewe zikiwa zimesimama, mara nyingi shida ni vali ndogo ya kudhibiti mafuta kwenye pampu. Kuibadilisha ni rahisi kuliko kununua pampu nzima, kwa hiyo hiyo ni kasoro ya kukupunguzia bei, si ya kukukimbiza.

Maoni yangu, kwa mtu wa Nakuru, Kericho au Kisumu mwenye bajeti ya wastani: tafuta D-Max ya lita 2.5, kabini moja, iliyouzwa mpya humu nchini. Isuzu East Africa, iliyokuwa General Motors East Africa hadi 2017, huziunganisha Nairobi, na spea zake, za asili na za kuiga, ziko kila mji. Hilux ni imara vilevile, ila unalipia jina. Kwa pesa ile ile utapata D-Max yenye umri mdogo zaidi. Kama pesa ni kidogo kabisa, TFR au Hilux ya 3L yenye chasisi nzima ni salama kuliko komoni reli iliyochoka. Kabini mbili zinapendeza, lakini unalipa zaidi kwa sehemu fupi ya mzigo. Na 4x4 inunue tu kama shamba lako liko ndani kwenye matope ya Aprili na Mei, maana ni difu ya pili na propela ya pili za kutunza.

3. Mahali pa kutafuta

Pazuri ni kwa mwenyewe aliyelitumia, akiwa jirani ya mtu unayemjua. Pa pili ni magari ya makampuni na taasisi yanayouzwa baada ya miaka kadhaa: viwanda vya chai, mashamba ya maua, mashirika. Yametembea sana, lakini mengi yana rekodi za sevisi. Minada ya magari yaliyonyakuliwa na benki ina bei ya kuvutia, ila kwa kawaida unauziwa kama lilivyo, bila kuruhusiwa kuliendesha. Usiende huko bila fundi anayeweza kusoma injini kwa macho na masikio.

Jihadhari na pikapu za bei ya kutupa zinazoletwa kutoka Busia na Malaba zikiwa na namba za Uganda. Uganda huruhusu magari ya hadi miaka 15 kuingizwa, Kenya ni miaka 8. Gari lililopita umri huo halisajiliki hapa, hata ulipe ushuru gani.

Uliza lilifanyia wapi kazi. La Mombasa huliwa na chumvi kutoka chini. Lililobeba samaki kutoka ziwani limenyeshewa maji ya barafu miaka mingi, na sakafu ya nyuma huoza chini ya rangi. La Solai au Rongai limekula vumbi, na hilo tutalichunguza kwenye injini.

4. Karatasi kabla ya nauli

Usisafiri kutoka Kisumu kwenda kuona gari Nakuru kabla ya kutafuta rekodi zake. Omba namba ya gari, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lipa Sh550, na utapata jina la mmiliki, mwaka wa kutengenezwa, namba ya chasisi, namba ya injini, na kama kuna benki au sako iliyoandikwa kama mmiliki mwenza. Jina lisipolingana na la mtu unayezungumza naye, taka kumwona mwenye jina. "Niliuziwa na jamaa, hatukubadilisha" ni jibu utakalosikia sana, na maana yake ni kwamba itabidi umtafute huyo jamaa wewe.

Mikopo ya logbuku, yaani iliyochukuliwa kwa kuweka hati ya umiliki wa gari rehani, isiyoonekana hapo inaweza kuwa imeandikwa kwenye rejista ya dhamana za mali zinazohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017. Nayo hutafutwa kupitia eCitizen. Ni dakika chache tu, zifanye.

Herufi za namba zisikudanganye kuhusu umri. Zinaonyesha gari liliposajiliwa Kenya. Lililoletwa kutoka ng'ambo na kusajiliwa 2015 linaweza kuwa la 2008. Ukifika, angalia lebo chini kabisa ya mkanda wa kiti. Mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa. Soma pia alama kwenye vioo: kimoja kikiwa cha mwaka tofauti na vingine, uliza kilivunjwa na nini.

5. Injini ionekane ikiwa baridi

Hapa ndipo ukweli ulipo. Mpigie muuzaji jioni: "Mzee wangu, nitafika kesho saa moja asubuhi. Tafadhali usiwashe gari mpaka nifike." Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, gari limewashwa ili kuficha jambo. Rudi siku nyingine au achana nalo.

Injini ikiwa bado haijawashwa, fungua kifuniko cha radiata. Maji yawe safi au ya rangi ya kulanti, dawa ya kupoza injini, bila kutu nyingi na bila mafuta juu. Chomoa kijiti cha oili. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi, hilo ni kawaida. Yenye rangi ya kijivu kama chai ya maziwa ina maji ndani. Oili mpya inayong'aa siku ya kuuza nayo iulizie. Kisha legeza bomba linalotoka kwenye filta ya hewa kuelekea injini, pitisha kidole ndani. Ukikuta vumbi laini, injini imekuwa ikivuta udongo, na ringi zake zimesagika hata kama bado inavuta vizuri leo.

Sasa washa. Dizeli nzima huwaka ndani ya sekunde chache baada ya taa ya hita plagi, plagi za kupasha silinda joto, kuzima, hata kwenye baridi ya Nakuru ya Julai. Simama nyuma utazame moshi. Mweupe kidogo unaopotea baada ya dakika mbili au tatu, sawa. Mweupe usiokoma wenye harufu ya dizeli mbichi ni nozo, hita plagi au kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye silinda. Mweupe usiokoma huku maji yakipungua ni hedi gasketi. Wa bluu ni oili inayoungua: ringi, sili za vali, au turbo. Mweusi mzito gari likiwa limesimama ni mafuta yanayozidi hewa.

Injini ikiwa bado baridi, shika hozi ya juu ya radiata. Ikikakamaa haraka kabla joto halijafika, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Kisha fungua kifuniko cha kumwagia oili na ukiweke juu ya tundu bila kukikaza. Kutikisika kidogo si neno. Kikirushwa na pumzi yenye moshi unaopiga kwa mapigo, pistoni na ringi zimechoka, na gharama ya kufungua injini yote inakusubiri.

Linganisha namba ya injini na logbuku. Pikapu nyingi za zamani zimewekwa injini nyingine. Si dhambi, mradi NTSA wawe wameandika ile mpya.

6. Lala chini ya gari

Beba turubai na tochi. Kiwango cha pikapu nyingi ni karibu tani moja, yaani magunia 20 ya viazi ya kilo 50. Kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi hizo kilo 50, lakini miaka mingi pikapu za Molo na Mau Narok zilibeba lumbesa, magunia yaliyojazwa kupita kipimo, na mwili wa gari hausahau. Tazama springi za nyuma: zimenyooka kabisa? Zimeongezwa mabamba? Angalia chasisi nyuma ya kabini, hapo ndipo hupinda na kupasuka. Alama ya kuchomelea kwenye chasisi, hasa iliyopakwa rangi nyeusi mbichi, ni sababu tosha ya kuondoka. Simama mbali pembeni: nafasi kati ya kabini na bodi ya nyuma iwe sawa juu na chini. Ikiwa pana juu na nyembamba chini, au kinyume chake, chasisi imepinda.

Gonga vyuma kwa bisibisi palipo na kutu. Oili kidogo kwenye difu ni jambo la sili tu. Propela ikicheza ukiitikisa kwa mkono, misalaba yake imekwisha.

7. Iendeshe mlimani, ikiwa na uzito

Kuzunguka uwanja wa yadi hakukuonyeshi chochote. Nakuru, panda barabara ya kuelekea Menengai, au nenda Njoro ukielekea Mau Narok. Kisumu, panda Riat kutoka Mamboleo. Pakieni watu wanne nyuma kama hakuna mzigo. Ukiwa gia ya tatu mlimani kanyaga mafuta: mzunguko wa injini ukipanda na gari lisiongeze kasi, klachi imekwisha. Gia ya pili ikiruka au kukwaruza ukishusha, gia boksi inahitaji kufunguliwa. Kipimo cha joto kipande hadi kati na kikae hapo. Kikiendelea kupanda hata kidogo, geuza gari urudi.

Turbo isikike kama mluzi mwembamba. Ikilia kama king'ora, shafti yake inacheza. Mteremkoni achia mafuta kwa muda, kisha kanyaga ghafla na utazame kioo: wingu la bluu hapo ni oili inayopita kwenye vali.

Ukisimama, zima injini, ngoja dakika tano, washa tena. Komoni reli yenye nozo au pampu iliyochoka mara nyingi huwaka vizuri ikiwa baridi na kugoma ikiwa moto.

8. Fundi awe wako

Mlipe kwa siku, ununue usinunue. Fundi aliyeletwa na dalali atalipwa gari likiuzwa, kwa hiyo usitarajie akuambie uliache. Kwa komoni reli, taka mtu mwenye kompyuta ya kusoma gari aangalie nozo zinavyorekebishwa moja moja na kama kuna makosa yaliyofutwa siku hiyo. Kwa injini ya zamani, kipimo cha kompresheni kinatosha: silinda zote nne zisitofautiane sana.

9. Bei, malipo na jina

Andika kila kasoro na bei ya spea yake, ukiwa umepiga simu dukani mbele ya muuzaji. Punguzo linaombwa kwa orodha hiyo, kwa heshima, bila kulitukana gari la mtu.

Lipa kupitia benki. M-Pesa haipitishi zaidi ya Sh250,000 kwa mara moja, na noti nyingi mkononi ni hatari. Andikeni mkataba mbele ya wakili au angalau mashahidi, mkiambatanisha nakala za vitambulisho na PIN za KRA. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen mkiwa pamoja, wewe ukubali kwenye yako, kabla ya shilingi ya mwisho kutoka. Sheria ya barabarani inakupa siku 14 baada ya kununua, usizingoje. Dai pia cheti cha ukaguzi wa mwaka, kwa kuwa magari ya biashara hukaguliwa kila mwaka, na kama kimekwisha hiyo ni gharama yako mpya.

10. Wiki ya kwanza

Usibebe mzigo mara moja. Badilisha oili ya injini, gia boksi na difu, filta ya oili, ya dizeli na ya hewa. Toa maji yaliyokaa chini ya filta ya dizeli na uangalie yalivyo machafu, yatakuambia mwenye gari wa kwanza alijaza wapi. Osha tangi kama kuna matope. Weka mkanda mpya wa taiming kama hakuna risiti. Badilisha hozi za radiata zilizopasuka, jaza kulanti badala ya maji ya mfereji.

Kisha safari ya kwanza iwe ya nusu mzigo, njia fupi, Nakuru hadi Njoro au Kisumu hadi Ahero. Jaza tangi hadi juu kabla ya kuondoka, na ujaze tena baada ya kilomita 300 ili ujue kilomita ngapi kwa lita; nambari hiyo iandike kwenye kidaftari ndani ya gari, pamoja na tarehe na kilomita za kila sevisi. Baada ya kilomita 1,000 kagua oili na maji tena asubuhi injini ikiwa baridi, kaza nati za magurudumu na yubolti za springi, na ikiwa oili imepungua chini ya alama ya chini, mpigie fundi kabla ya kukubali mzigo wa Jumatatu.